Kichwa cha Pontien

Kabla ya uhuru, daktari mmoja Mbelgiji alipima kichwa cha Pontien gerezani Uvira, akasema mtu huyu alizaliwa muuaji. Gaspard, askari jela aliyemlinda, aliamini, na kila siku alimchapa kama mnyama.

Mwaka 1964 waasi walivunja mlango wa gereza. Walimpigisha Gaspard magoti, wakampa Pontien bunduki.

"Muue!"

Pontien aliirudisha. "Minye nilishaua muntu. Najua vile iko. Sitaua tena."

Mkubwa wao, ambaye naye alishaua, aliitazama mikono yake mwenyewe, akawaachia wote wawili.

Pontien alimwongoza Gaspard hadi bandari ya Kalundu, akampandisha kwenye boti ya kuvuka ziwa. Gaspard alimkazia macho kama anayemwona kwa mara ya kwanza.