Kompilatere ya Papa Mukwe

Papa mukwe wangu Léonard anajua mambo mingi, sikatai. Njo yeye alifungua atelie yetu ya programu hapa Lubumbashi, miye na bwana yangu Elisée tunatumika kwake. Lakini kichwa yake nguvu, mama wee! Na mu familia yao bibi ya mutoto habishane na baba mukwe, hata kumuangalia mu macho hapana. Ukiwa na neno, unapitisha kwa bwana yako.

Mama yangu Germaine anauzisha samaki ku Kasenga. Yeye na bamama wenzake balinunua frigo kubwa ya kulindia samaki, bakatupa kazi ya kuandika programu ya chip kadogo yenye kulinda baridi. Chip ilikuwa ya zamani. Ilibidi tujenge kwanza kompilatere yake: programu inayokaa mu ordinatere, ile kompyuta yetu, na kugeuza maandishi yetu kuwa lugha ile chip inasikia.

Kompilatere ikakataa kujengwa. Makosa nyekundu skrini nzima: aina ya namba hazipatane. Sehemu moja inapana nafasi ya namba kubwa, ingine inaandikamo namba ndogo. Nusu inajaa, nusu inabakia na takataka. Dawa ni kufungua kila fasi yenye kosa, kusoma, kurekebisha. Nilianza. Kazi ya kuchosha, lakini ilikuwa inaenda.

Papa Léonard akapita nyuma yangu.

"Wee mutoto, unapoteza wakati. Lazimisha tu!"

Akavuta klavie, akaandika amri ya kuziba makosa yote mudomo. Kompilatere ikajengwa bila hata neno moja. Akapiga makofi, akaita bantu ya atelie baone, akabeba ordinatere mu biro yake.

Nikamuvuta Elisée ku kando.

"Ambia baba yako: rangi nyekundu imetoka, kosa ingali mule. Frigo ya mama itasoma baridi ya uongo."

"Nitamuambia."

Kila asubui nilimuuliza. "Kesho, Syntiche. Leo papa iko na furaha." Eh, furaha! Programu ya chip ikageuzwa na ile kompilatere, frigo ikaenda nayo Kasenga.

Kule, skrini ikaonyesha baridi kali, na mule ndani samaki inaoza. Bamama balisikia harufu mbele ya kufungua mulango. Yote balitupa mu muto Luapula.

Familia ikakutana. Papa Léonard akaangalia Elisée, hapana miye.

"Uliza bibi yako: aliona makosa, juu ya nini alinyamaza?"

Elisée akaangalia viatu yake. Basi nikainua kichwa, nikamuangalia muzee mu macho.

"Sikunyamaza, papa. Nilisema. Mutoto yako njo alikuficha ile neno."

Hakuna aliyeuliza Elisée. Hakuna aliyeuliza habari ya samaki. Tantine Simone, dada ya muzee, akashika mudomo: "Amemuangalia papa mu macho!" Bakaamua: nimechafua bukwe, ile heshima ya bakwe, bantu ya kwetu balete kuku ya kuomba musamaha.

Kwetu ni nani? Baba alishakufa. Ni mama Germaine. Alitoka Kasenga na kuku chini ya kwapa, akapiga magoti.

Papa Léonard akapokea ile kuku, akasema amemusamehe.