Kibao Kilichosalimia Mara Moja

Kile kibao kililetwa mwezi wa pili, siku ya Jumanne, na kabla hakijapata joto la nyumba Bibi Asteria alikuwa ameshakitafutia kitambaa cha kukifunika.

Aliyekileta ni nesi wa kituo cha afya, jina lake Josefin, msichana mrefu mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Soksi hizo Bibi Asteria aliziona vizuri, maana mgeni kule Uswidi huacha viatu mlangoni. Nesi akaweka vitu mezani kimoja kimoja: kibao chenyewe ndani ya gamba la mpira la buluu, waya wa kuchajia, kisimamio cha plastiki, na karatasi yenye namba. Brigitha, binti wa Bibi Asteria, alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kazini ili aje atafsiri. Yeye hufanya kazi maabara ya kiwanda huko Södertälje, na kutoka kwao Upplands Väsby ni treni ya zaidi ya saa nzima, kwa hiyo ruhusa ile haikuwa ndogo.

Brigitha akaeleza kuwa kile ni kishikwambi, na wagonjwa wa sukari wengi wamepewa. Kila asubuhi kitamuuliza mama anajisikiaje. Kitamfundisha kwa Kiswahili habari za chakula, dawa na miguu. Majibu yatakwenda kwa Josefin palepale, na kukiwa na tatizo Josefin atapiga simu.

"Ni kuangalia tu, mama," akamalizia.

Hapo ndipo alipoharibu. Bibi Asteria alikuwa na kaka yake kule kwao Kamachumu, Optatus, naye alikuwa na sukari. Optatus alipelekwa hospitali kwa ajili ya kidole gumba cha mguu, wakamwambia wanataka kukiangalia tu. Alirudi nyumbani baada ya wiki tano na suruali iliyokunjwa mguu mmoja ikafungwa kwa pini. Habari hiyo Bibi Asteria ameisimulia kwa kila mtu aliyewahi kunywa naye chai, na mwisho wake ni uleule siku zote: waliangalia cha Optatus, wakaangalia mpaka gotini.

Kwa hiyo alikaa mikono mapajani, akimwangalia nesi anavyobonyeza. Josefin alichagua lugha kwenye orodha ndefu, akaunganisha mtandao wa nyumbani, kisha akasema kinahitaji alama ya kidole ili kisifunguliwe na mtu mwingine. Bibi Asteria akauliza kidole kipi. Akaambiwa chochote, wengi huweka gumba. Akafikiri kidogo, akatoa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Gumba lake alishalitia wino mara nyingi, kwenye kura na kwenye karatasi za shamba, na hakuona sababu ya kulikabidhi kwa kitu asichojua kinalala wapi usiku. Brigitha akainamisha kichwa kuficha kicheko.

"Na hiki kijicho hapa juu?" Bibi Asteria aliuliza.

Akajibiwa kuwa ni kamera, hutumika akitaka mwenyewe kupiga picha au kuonana na nesi. Akitaka mwenyewe. Alilirudia neno hilo moyoni, halikumtuliza. Jioni ileile alichukua uzi mweupe na sindano yake ya kufumia, na kabla hajalala kibao kilikuwa na kitambaa chake chenye maua manne pembeni, sawa na kile cha redio na kile cha televisheni. Brigitha alipoona akasema si lazima. Mama yake akajibu kwamba vumbi halichagui.

Asubuhi ya kwanza kabisa, saa moja kamili, kibao kililia kama kengele ndogo ya kanisani. Brigitha alikuwa ameshaondoka. Bibi Asteria alikuwa amejiandaa: amevaa gauni, amejifunga kitenge, amekaa sawasawa kitini. Na alikuwa na neno la kusema, jambo alilokuwa hajamwambia mtu. Tangu kabla ya Krismasi nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Aliona ni baridi ya Uswidi, lakini alisema moyoni, basi, kama wanauliza, waulizwao hujibu.

Akaondoa kitambaa, akaweka kidole cha mwisho. Sauti ya mwanamke ikasema, "Habari za asubuhi, Asteria. Unajisikiaje leo?" Zikatokea sura tatu za duara: ya kijani inacheka, ya njano imenyooka, nyekundu inalia.

La kwanza lililomchoma ni kuitwa Asteria kavu, kama wamechunga mbuzi pamoja. La pili ni zile sura. Mtu amekusalimia asubuhi, hata hajakaa, utamwonyeshaje sura ya kulia? Kwao hata mtu aliye kitandani na homa huanza na njema. Njema kwanza, kisha mwenzako anauliza za nyumbani, anauliza na mwili je, hapo ndipo unasema, mwili hivyohivyo, ila miguu. Kwa hiyo akabonyeza kijani, akakunja mikono, akasubiri aulizwe na mwili je.

"Asante," ikasema ile sauti. "Tuonane kesho."

Kioo kikawa na picha ya ua.

Bibi Asteria alikaa akiliangalia ua lile mpaka chai ikapoa. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Kinasalimia, kinaitikiwa, kinaondoka. Akawaza: mtu anayekusalimia kila siku bila kungoja habari, huyo hakujali, huyo anapita kuhesabu kama bado upo. Akaanza kukibonyeza kwa haraka, uso umegeukia dirishani.

Jirani yake, Dancille, mama wa Kirundi wa ghorofa ya pili, aliongeza kuni. Alikuja kunywa chai, akaona kitambaa, akauliza kuna nini chini. Alipoelezwa akashusha sauti, akasogeza kiti mbali na meza. Alisema yuko mzee mmoja anayemfahamu, alipewa kitu kama hicho, akajibu maswali yote kwa ukweli, ya usingizi, ya ngazi, ya kusahau. Haukupita mwezi, akahamishiwa nyumba ya wazee. Bibi Asteria aliuliza kama mzee huyo hakuwa na watoto. Dancille akasema watoto anao, ila kitu kilikuwa kimeshaandika.

"Wewe unajibu nini?" Dancille aliuliza.

"Kijani."

"Baki hapohapo, mama."

Basi akabaki hapohapo.

Masomo aliyatazama, lakini kwa jicho la mtu anayemkagua fundi. Mwalimu alikuwa daktari mwenye koti jeupe, Kiswahili chake cha Nairobi, jina lake limeandikwa chini, Kimani. Bibi Asteria alimchunguza. Koti lina mikunjo ya dukani. Nyuma yake kuna mmea ambao hautikisiki. Anasema ugali kidogo, mboga nyingi, na yeye mwenyewe mashavu yamejaa. Somo la dawa aliliacha katikati.

Somo la nne lilikuwa la miguu. Kimani akasema mwenye sukari anaweza kukanyaga msumari asijue, akautembelea siku nzima. Akasema kila siku chukua kioo, kiweke sakafuni, utazame chini ya unyayo.

Hapo Bibi Asteria akasonya. Ana miaka sabini na miwili, amelima kahawa na migomba peku, na miiba yote aliyowahi kukanyaga anaweza kukuonyesha iliingilia wapi. Akaona leo amemkamata huyu bwana kwa uongo. Akaenda chumbani kwa Brigitha, akachukua kioo cha kujipodolea, akaketi ukingoni mwa kitanda, akavua soksi ya kulia. Alikuwa ameshapanga na maneno atakayomwambia binti yake jioni: nimetazama, hakuna kitu, na kitu chenu kikarudi kilikotoka.

Kwenye kioo aliona unyayo wake, mkavu, wenye nyufa. Na chini ya kidole gumba aliona duara jeusi ukubwa wa punje ya harage, kingo zake nyekundu, katikati unyevu.

Alidhani ni uchafu wa kioo. Akakifuta kwa kitenge, akatazama tena. Akachukua kiatu chake cha baridi, akakigeuza juu ya gazeti. Likadondoka jiwe dogo lenye ncha, yale wanayomwaga njiani juu ya barafu ili watu wasiteleze. Soksi ilikuwa imetoboka mahali palepale. Mara ya mwisho kutoka nje ilikuwa Jumapili, kanisani, kwenda na kurudi, na baadaye mpaka dukani. Siku tatu zimepita. Hakusikia kitu. Alibonyeza pembeni ya kidonda kwa kidole, akaona nyama inabonyea kama ya mtu mwingine.

Wazo la kwanza lilikuwa kufunga kitambaa, kuvaa soksi nene, na kunyamaza. Mguu ungebaki wake. Akainuka kutafuta soksi, na soksi ndiyo iliyomsimamisha.

Maana habari ya Optatus huwa anaianzia hospitali. Hajawahi kuianzia nyumbani. Nyumbani Optatus alivaa soksi ya kijivu miezi miwili, ndani yake majani ya dawa, na kila akiulizwa habari alisema njema. Na aliyekuwa akiifua soksi ile ni yeye, Asteria. Aliiona ina nini. Aliinusa. Akaifua, akaianika, hakumwambia mtu, kwa sababu kaka yake alimwomba asiseme. Hospitali hawakuangalia mpaka gotini. Kidonda kilikuwa kimeshafika huko chenyewe.

Alikaa chini tena. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Brigitha hatafika kabla ya saa kumi na mbili, na simu yake akiwa maabara hulala kabatini. Alirudi mezani akichechemea, ingawa hapakuuma. Akaondoa kitambaa. Kibao kikaonyesha lile ua: kwa leo kimeshajibiwa, kijani, tuonane kesho. Hapakuwa na mahali pa kusema nilikuitikia tu.

Lakini pembeni, chini, palikuwa na alama ya kamera ambayo Josefin aliionyesha mara mbili.

Alisimamisha kibao kitini, akaweka mguu juu ya kiti kingine, akajinyoosha. Picha ya kwanza ilitoka ya taa. Ya pili ikatoka pazia na nusu ya goti. Alitoa jasho. Ya tatu ikatoka unyayo, na duara jeusi katikati, wazi kabisa. Kidole cha kushoto kilibaki hewani kwa muda mrefu juu ya neno Tuma. Kisha akazituma zote tatu, pamoja na taa na pazia, maana hakujua namna ya kuchagua.

Haikupita nusu saa, simu ikalia. Alikuwa Josefin, na mkalimani kwenye laini, mwanaume wa Bukavu kwa Kiswahili chake. Josefin hakusalimia. Alimwambia akae, asikanyage na mguu huo. Kisha akasema hapo mbele yake ana siku ishirini na mbili za kijani, hata leo asubuhi, na kidonda cha namna hiyo ni cha ganzi, na ganzi haianzi leo. Aliuliza kwa nini.

"Kilinisalimia," Bibi Asteria alisema. "Nikaitikia."

Mkalimani akatoa pumzi ya kicheko, halafu akaeleza kwa Kiswidi kirefu sana kuliko maneno aliyopewa, mpaka Bibi Asteria akataka kujua anaongeza nini. Akajibiwa anamweleza tu nesi namna watu wa kwetu tunavyosalimiana, mama.

"Kwa hiyo," Josefin akauliza, "jibu la kweli linakuja lini?"

"Ukiuliza mara ya pili. Kama ni jambo baya, ya tatu."

Nesi akasema teksi iko njiani. Bibi Asteria akashika simu kwa mikono miwili na kuuliza lile alilokuwa nalo tangu siku ya Jumanne ile: je, wanakwenda kuangalia tu?

"Hapana," mkalimani akatafsiri. "Anasema watasafisha, watakata ngozi iliyokufa, watafunga. Na atakuambia anachokiona kabla hajagusa."

Angejibu ndiyo, tunaangalia tu, Bibi Asteria asingefungua mlango. Alivaa koti.

Walisafisha, wakafunga. Alipewa kiatu kipana chenye tundu la kupumzisha kidonda, na akakaa miezi miwili bila kwenda kanisani kwa miguu. Dancille alimletea habari za misa, na hakutaja tena yule mzee. Brigitha alifoka jioni ile mpaka akaishia kulia, kisha akasimuliwa habari ya mjomba yote tangu nyumbani, pamoja na soksi. Kidonda kikaziba. Mguu upo, na vidole vyote vitano.

Josefin alibadilisha yale aliyoweza kuyabadilisha. Sasa sauti inasema Bibi Asteria. Na ukishabonyeza kijani, haliji ua. Kinauliza, na miguu je?

Kitambaa bado kipo, maana jicho ni jicho. Kila asubuhi saa moja anakifunua, anaweka kidole cha mwisho, anaanza na kijani kama mtu aliyelelewa. Kwa swali la pili hubonyeza njano, siku nyingine kijani, kufuatana na kioo kilivyosema. Kuuliza mara ya tatu kibao hakijajua. Jambo baya, kama lipo, analiweka mpaka Alhamisi, siku ambayo Josefin hupiga simu mwenyewe.