Kanyaga, Achia

Breki za gari la dada zilikuwa zinazama, na mdogo wake, fundi, aliapa kwamba safari hii zimepona. "Nimetoa upepo wote kwenye breki, dada. Nimelijaribu mwenyewe barabarani." Kujigamba ndiyo kazi yake ya pili. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemrudishia baba yao gari lake, nalo alikuwa amelitibu ugonjwa uleule, na mzee alisema mchana atarudi kwake bondeni.

Basi dada akashika usukani, fundi akakaa kando yake, na binti mdogo wa dada nyuma, anaimba. Mteremko wa shule ukaanza. Dada akakanyaga breki, kanyagio likazama mpaka chini.

Akalikandamiza hapohapo kwa nguvu zake zote. Gari likazidi kwenda mbio. Kule chini watoto walikuwa wanavuka barabara, aliiona mpaka mikoba yao mgongoni, na roho ikamruka. Breki ya mkono ilikufa zamani. Mungu wangu, nitawaua watoto wa watu.

"Usikandamize!" fundi alipiga kelele. "Achia, kanyaga! Achia, kanyaga! Chapuchapu!"

Akafanya hivyo huku machozi yanamtoka. Mara ya kwanza, hamna kitu. Ya pili, breki zikashika. Gari likalia, likayumba, likasimama karibu kabisa na mwalimu aliyewakinga watoto kwa mikono.

"Tena, mjomba!" binti akacheka.

Dada alimtoa mtoto nyuma, akambeba, akaegemea boneti. Hata hasira hakuwa nayo, hofu ilikuwa imemjaa tele.

"Ulijuaje la kufanya?"

"Si ndivyo ninavyokanyaga siku zote? Lile pikapu la gereji nililojifunzia lilikuwa halishiki bila hivyo. Mguu umeshazoea, wala sifikirii."

"Hata ulipolijaribu hili?"

Fundi akageuka kulitazama gari. "Hata nilipolijaribu hili," alisema taratibu.

"Na la baba?"

Fundi alikuwa tayari anapapasa mifuko ya ovaroli akitafuta simu, ikamponyoka, akaiokota, akampigia baba. Jua lilikuwa utosini.

Simu ikaita. Ikaita tena. Dada, mwanawe kifuani, akajikuta anakanyaga vumbi la kando ya barabara kwa mguu wa kulia: kanyaga, achia, kanyaga, achia.