Kaa Kifuani

Ubishi wenyewe ulianza Jumamosi asubuhi, chai bado inafuka moshi, na aliyeuwasha alikuwa Redio. Hilo lilikuwa jina la utani, lakini lilikuwa limeshamkaa mwilini kiasi kwamba hata mama yake mzazi alilitumia. Karakana ya makochi ilikuwa yake, na fundi mkuu alikuwa mdogo wake wa kiume, Baba Pacha. Hakuna wimbo uliopigwa enzi za kubipu, zile siku watu walipopigiana simu mlio mmoja tu na kukata ili kutunza salio, ambao Redio hakuujua kuanzia kinanda cha mwanzo mpaka kikohozi cha mwisho.

"Wiki ijayo natimiza arobaini na tano," alitangaza, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika chaki ya kukatia vitambaa. "Ukumbi unafungwa mapema. Dijei amesema nimpe nyimbo kumi za ujana wetu, si kumi na moja, tena zimepangwa. Ya kwanza ndiyo ya kufungulia dansi. Kwa hiyo leo hapa hakuna kazi bila wimbo, na hakuna wimbo bila kazi."

"Tutafute kwenye simu basi, tumalize," alisema Misumari, seremala wao. Aliitwa hivyo kwa sababu alihifadhi misumari mdomoni na kuzungumza kwa pembe ya midomo, kama mtu anayemnong'oneza jirani kanisani.

"Simu zikae mfukoni. Wimbo wa kutafuta si wako, ni wa simu. Hapa tunakumbuka."

Akaegemeza ubao wa plaiwudi ukutani na kuandika moja mpaka kumi kwa chaki.

Mama Pacha aliyasikia yote hayo akiwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, anashona foronya za mito ya kochi. Pacha wake wa miaka mitatu aliwaweka ndani ya fremu ya kochi lisilo na kiti wala mgongo, mbao nne zikiwazuia kama zizi, kila mmoja na kipande chake cha sponji. Alikuwa mke wa Baba Pacha na wifi yake Redio, na katika karakana ile alipendwa na kila mtu. Hata hivyo asubuhi ile alijihisi kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuazima.

Sababu ilikuwa simu ya mumewe, iliyolala kifudifudi juu ya rundo la sponji. Kuna tajiri mmoja aliyekuwa akijenga hoteli mji wa mbali, akitaka fundi wa kutengeneza viti vyote na kuvitunza miaka miwili. Alimtaka Baba Pacha, na alitaka jibu leo kabla jua halijazama.

Baba Pacha alipomletea mkewe habari hiyo, wiki tatu nyuma, alisimama mlangoni pa jiko akizungusha tepu ya kupimia kidoleni. Mama Pacha alikuwa na neno moja tu kooni, nalo ni "usiende." Lakini tangu aolewe alijiapiza kwamba hatakuwa mke wa kumfunga mumewe kamba mguuni. Akalimeza. Akasema, "Fanya uonavyo."

Neno likimezwa haliyeyuki. Kesho yake alijikuta anauimba wimbo wa zamani, ule uliokuwa ukipigwa siku alipokuwa akibipiwa na kijana mmoja mwembamba aliyejifunza kushona makochi. Aliuimba akiosha vyombo, akaurudia akianika nguo, na kwenye cherehani aliuimba kwa sauti ya kutosha kumfikia aliyekusudiwa. *Kaa kifuani mwangu, kaa, maji sitaki.* Akajiambia: mwenye masikio atasikia.

Kumbe kila alipouanza, Baba Pacha aliinuka na kutoka nje. Mara anakwenda kuangalia gundi, mara anakwenda kumwita mtu ambaye hakuwepo. Mama Pacha aliona hilo ndilo jibu. Nimemwambia kaa, naye ananionyesha mgongo.

"Ya kumi, 'Shati la Kuazima'," alisema Redio.

"Ya kumi? Wewe dada una roho ngumu," Misumari alilalamika. "Ule wimbo uliniozesha mimi. Nilikwenda kwa wakwe zangu na shati la kuazima kweli."

"Na ulilirudisha?"

"Mwenyewe alihama."

"Basi ya kumi inakutosha."

"Saa Mbovu" ikapata ya nne baada ya vita. Redio aliitaka ya pili kwa sababu ya gitaa. Misumari alisema gitaa lile lilipigwa na mtu mwenye njaa, ukisikiliza vizuri unamsikia anaharakisha akale. "Mkwe Hodi" ikapanda mpaka ya tatu, ikashuka ya saba, ikapanda tena, mpaka ubao ukawa mweupe kwa vumbi la chaki na mikono ya Redio kama ya mpishi wa maandazi. Pacha nao wakaanza kuruka ndani ya fremu yao kwa kila wimbo uliochangamka.

Baba Pacha peke yake hakubishana. Alikata sponji, akapaka gundi, akapima alichokwisha kupima. Siku nyingine angekuwa wa kwanza kupiga meza kwa viganja na kuiga ngoma.

"Haya, ya kwanza," Redio alisema. "Tuvae nguo za kiutu uzima, hili ni jambo zito."

"'Kaa Kifuani'," alisema Mama Pacha, bila kuinua macho kwenye sindano.

"Wifi yangu, nakupenda, lakini huo ni wa sita. Hauchezeki."

"Unachezeka taratibu."

"Taratibu gani? Ukiucheza watu watadhani umesahau kitu, unakitafuta sakafuni."

"Usiingie kabisa," alisema Baba Pacha.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amesimama na brashi ya gundi mkononi, na gundi inadondokea kwenye kiatu.

"Kabisa?" Redio aliuliza. "Hata nafasi ya kumi?"

"Hata ya kumi."

Mama Pacha alihisi masikio yanapata moto. Kumbe na mbele za watu. Akavuta uzi, ukakatika.

Misumari alitoa misumari yote mdomoni, jambo alilolifanya wakati wa kula na wakati wa msiba tu. "Kaka, huo wimbo umekukosea nini?"

"Ni wimbo wa maumivu," alisema Baba Pacha. "Mtu ana kaa la moto kifuani. Linamchoma usiku na mchana, wala hataki lizimwe. Sasa unafunguliaje sherehe kwa mtu anayeungua?"

Mguu wa Mama Pacha ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. "Kaa la moto?"

"Kwani kaa gani?"

"Kaa. Kaa kitako. Kaa hapa. Anamwambia mwenziwe asiondoke."

"Mke wangu, si anasema 'maji sitaki'? Maji ya nini kama si ya kuzimia moto?"

"Ya kunywa. Mwenziwe akiwepo hasikii hata kiu. Wimbo mzima anabembeleza, wewe unaona jivu."

"Mimi ninaona moto."

"Ubeti wa pili je? 'Nimekutandikia.' Kaa la moto linatandikiwa?"

"Linatandikiwa majivu lisizimike. Bibi yangu alikuwa anafanya hivyo."

Redio akawa anageuza shingo kwa huyu na kwa yule. Katika maisha yake yote alikuwa ameuimba wimbo ule bila kujiuliza, na hilo lilimuuma kuliko kuzeeka. "Ngojeni," alisema. "Ngojeni kwanza. Sasa hata mimi sijui."

Misumari akakohoa. "Jamani. Mimi, kwa kweli..."

"Wewe nini?"

"Miaka yote hii mimi najua ni yule kaa. Mwenye magando."

Redio akashusha chaki.

"Si anabana?" Misumari aliendelea, akitengeneza magando kwa vidole na kuyafunga kifuani pake. "Nikasema huyu mwimbaji mapenzi yamembana kama kaa. Ndiyo maana hataki maji. Kaa ni wa majini, ukimletea maji unamwongezea nguvu."

Redio alicheka kicheko kilichomtoa pumzi, akarudi nyuma akitafuta pa kukalia, akakalia sponji ambayo mdogo wake alikuwa ametoka kuipaka gundi. Alipotaka kuinuka, sponji ikainuka naye. Ilibidi Misumari amshike mikono na kuvuta, huku naye akicheka na kumwambia, "Dada, umeona sasa? Umebanwa." Wakatoka hivyo hivyo kwenda uani kutafuta petroli ya kuondolea gundi, yeye mbele, Misumari nyuma akiwa amebeba ncha ya sponji kama mtu aliyebeba pindo la gauni la bibi harusi.

Karakana ikabaki na watu wawili na pacha wao.

Baba Pacha aliiweka brashi chini. "Kwa hiyo wiki tatu hizi," alisema polepole. "Jikoni. Kwenye kamba ya nguo. Hapo kwenye cherehani."

"Nilikuwa nakuambia."

"Ulikuwa unaniambia nikae?"

"Na wewe ukawa unanijibu kwa kutoka nje."

Baba Pacha akajishika kichwa kwa mkono wenye gundi, akaikumbuka akiwa amechelewa. "Mimi nilidhani unaungua. Nilijiambia, mke wangu ana hasira nami, hasemi, kila nikipita ananitangazia moto wake. Nikawa natoka ili usizidi kuungua. Nilikuwa nakaa pale nje kwenye magogo, sina hata ninachofanya."

"Ulisema unakwenda kuangalia gundi."

"Gundi inaangaliwaje?"

Mama Pacha alishusha foronya mapajani. Kwa wiki tatu alikuwa amejitengenezea mume asiyetaka kukaa, kipande kwa kipande, kama mtu anayeshona foronya ya mto ambao haupo.

"Mbona hukuniuliza?" alisema.

"Nilikuuliza siku ya kwanza. Ukasema, fanya uonavyo. Mimi sikuona kitu, Mama Pacha. Nilikuwa nangoja na wewe uone, tuone pamoja."

Alisema bila lawama, na hapo ndipo Mama Pacha alipoelewa kwamba mambo mengine hayaimbiki. Ukiyaimba, kila mtu anachukua anachokijua: aliyelelewa na bibi wa majivu ataona kaa la moto, na Misumari ataona magando. Akasukuma kiti nyuma, akasimama, akavuka vipande vya vitambaa sakafuni mpaka akawa mbele ya mumewe.

"Baba Pacha, sitaki uende," alisema. "Najua kazi ni nzuri. Najua watu watasema nimekuzuia. Watoto hawa watajua kusoma kabla hujarudi, na mimi nitakukosa. Sitaki."

Maneno yalikuwa makavu, hayana kinanda wala kiitikio. Baba Pacha aliyasikiliza mpaka mwisho, akaendelea kusikiliza hata baada ya kwisha.

"Haya," alisema.

"Haya nini?"

"Haya, nimesikia. Na mimi sitaki. Nilikuwa naogopa kusema sitaki, ukaona nimekuwa mvivu wa kututafutia riziki."

Akanyoosha mkono akaichukua simu. Mama Pacha akamshika kiwiko. "Ngoja. Usimkatae moja kwa moja. Viti vinashonewa wapi?"

"Kule kule hotelini."

"Lazima? Foronya na mito havina miguu, lakini lori linayo. Akutumie vipimo. Mimi nashona hapa, wewe unajaza hapa, unakwenda kufunga tu. Wiki mbili, tatu, unarudi."

Baba Pacha alimtazama kama mtu aliyekuwa anatafuta mkasi huku ameushika. Akapiga. Sauti ya tajiri ilitoka kwenye simu ikiwa nyembamba na yenye haraka, na Mama Pacha alisimama karibu kiasi cha kusikia kila neno. Tajiri hakupenda. Alisema alitaka mtu wa kukaa pale, si wa kuja na kuondoka kama mgeni. Baba Pacha alisema kukaa hawezi, ila kazi anaiweza, akamweleza habari ya vipimo. Tajiri akasema atafikiri, na asije akadhani ameahidiwa.

"Hakukubali," alisema Baba Pacha alipokata simu.

"Wala hakukataa."

"Anaweza kumchukua mwingine."

"Anaweza." Mama Pacha alichukua kitambaa, akaanza kumfuta gundi nywelini. Ilikuwa imeshakauka, na ilibidi avute. "Tutashona makochi ya hapa. Tulia, usitikise kichwa."

Redio alirudi kutoka uani, sketi imelowa na inanuka petroli, Misumari nyuma yake amerudisha misumari mdomoni.

"Enhe, mmefikia wapi?" aliuliza Redio. "Anabaki au anatoka?"

"Anabaki," alisema Mama Pacha.

"Nani anabaki? Mimi nauliza wimbo."

Akamtazama wifi yake. Akamtazama mdogo wake aliyeinamishwa kichwa kama mtoto anayenyolewa, anacheka kwa macho. Habari ya hoteli alikuwa anaijua, na kwa wiki tatu alikuwa ameuma ulimi, maana ndoa ya mdogo wako si redio ya kila mtu kuzungusha kitufe. Alipiga hatua mpaka kwenye ubao, akaweka chaki kwenye nafasi ya kwanza.

"Ubaoni nitaandika 'Kaa'," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na ukungu kidogo. "Kila mtu atacheza kaa lake. Sasa tumalize, hapa pa pili bado pako wazi."

"'Shati la Kuazima'," alisema Baba Pacha kutoka chini ya kitambaa.

"Hilo tumeshaliweka la kumi."

"Mlipoliweka mimi nilikuwa sipo."

"Ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Mwili tu," alisema Baba Pacha, akainuka, nywele zimesimama upande mmoja, akaanza kupiga meza kwa viganja kuwaonyesha mahali ngoma inapoingia. Alikosea mara mbili, Misumari akampinga kwa kupiga nyundo, pacha wakaruka ndani ya fremu yao, na Mama Pacha akarudi kwenye cherehani kutunga uzi mpya, akimsikiliza mumewe akitetea kwa maneno mengi wimbo mbaya kuliko nyimbo zote kumi.