Mikono Miwili ya Kushoto

Faudhia alimaliza kukata mkono wa pili wa koti, akauweka juu ya wa kwanza. Yote miwili ilikuwa ya kushoto. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na koti lenyewe lilikuwa la Mhina, la kuvaa Ijumaa siku ya ndoa yao.

Mkasi ulikuwa mkononi, macho yalikuwa kwenye simu. Sasa hapo utamlaumu nani? Tangu alfajiri alikuwa amemtumia Mhina ujumbe tisa, na hakujibiwa hata mmoja. Alijua fika kwamba mchumba wake yuko Korogwe kwenye kiwanda cha mkonge, na kwamba pale simu huachwa kabatini mpaka mapumziko ya saa sita. Alijua, lakini kujua hakukumsaidia kitu. Mama yake Faudhia naye aliwahi kupanda basi pale Mkata akisema, "Nakuja sasa hivi," akarudi baada ya miaka minne.

Mwezi uliopita Joyceline, mwanafunzi wa chuo kikuu, alifika hapa Chanika na kompyuta yake, akawa anawaonyesha watu picha za nyuso na kuwataka wabonyeze kitufe upesi, apime macho yao yanakimbilia uso upi. Faudhia na Mhina walijaribu kwa mzaha tu.

"Dada Faudhia," Joyceline alisema, "uso uliotulia wewe unauona umenuna. Macho yako yanakwenda kutafuta hatari kabla akili haijafika. Kaka Mhina yeye akiona mtu analia, anatazama pembeni. Watu wa namna hiyo si kwamba hawaumii. Mara nyingi wameshajaa ndani, ndiyo maana wanakwepesha macho."

Siku ile walicheka sana.

Leo, ilipofika saa tano na nusu, uvumilivu ukamwisha. Akamwandikia shangazi yake, Mwantumu, ambaye ndiye aliyepokea posa: "Rudisheni posa. Huyu ananiacha, bora nimwache mimi." Akatuma. Hasira hasara, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwahi kungoja Mhina ajibu simu.

Baada ya kutuma, hofu haikupungua. Iliongezeka.

Alasiri pikipiki ikasimama nje. Mhina akaingia, vumbi mpaka kwenye kope, uso mkavu. Amekasirika, Faudhia akawaza.

"Pole na safari."

"Nimeshapoa." Mhina akaliangalia lile koti mezani. "Mikono yote ya kushoto."

"Nimekosea."

Mhina akageuza macho, akatazama ukutani. Faudhia alitamani kulia, lakini alimjua: akilia, mwanamume atatoka nje. Kwa kuwa mikono yake ilitaka kazi, akachukua futi ya kupimia.

"Simama nikupime upya."

Akaizungusha futi kifuani. Chini ya vidole vyake moyo wa Mhina ulikuwa unakwenda mbio, unagonga kama wa mtu aliyekimbizwa na nyati. Faudhia akasahau kusoma namba. Akainua macho: uso ulikuwa uleule, mkavu.

"Mhina, nimemwambia shangazi arudishe posa."

"Najua. Alinipigia saa sita."

"Na husemi kitu?"

Mhina aliendelea kuutazama ukuta.

"Nimekuja," akasema.

Faudhia hakuiondoa futi kifuani pake.