Sauti Mbili za Gurudumu

Mimi ni Zébédée Kabamba, mwana wa Nicodème Ngoie, aliyekuwa karani wa stesheni ya reli hapa Kamina na ambaye wakuu wake hawakupata hata siku moja ya kumwuliza mzigo wa mtu umekwenda wapi. Nicodème alizaliwa na Malachie Ngoie, mwalimu wa Wamethodisti, aliyekwenda kwa miguu hadi Mulongo kuwafundisha watoto wa wavuvi kusoma, na ambaye machifu walisimama kumpokea. Hao ndio walionitangulia. Nawataja ili msomaji aelewe kwa nini asubuhi ninayoisimulia ilininyima utulivu, hata nikashindwa kukaa katika kiti changu.

Mjukuu wangu Talitha ni muuguzi. Amekabidhiwa baiskeli ya umeme, yenye mota katikati ya gurudumu la nyuma, kwa kazi ya kupeleka chanjo vijijini. Siku hiyo alikuwa akingojwa kijijini kwa Mwilambwe, ng'ambo ya kijito ambacho daraja lake limechukuliwa na mvua. Watu huvuka juu ya magogo mawili, na pikipiki haipiti hapo. Baiskeli ya kawaida hupita, lakini katika mchanga ule, na kwa uzito wa sanduku la baridi, ingefika wakati barafu imekwisha kuyeyuka. Na chanjo iliyopata joto haifai kudungwa mtoto.

Talitha alirudi kutoka ghalani na sanduku lake, barafu ikiwa imepangwa tayari ndani, akaikuta baiskeli imeegemea ukuta na gurudumu la nyuma likiyumba kama jino la mtoto. Spoki kadhaa, yaani zile nyuzi za chuma zinazoishika janti, ule mviringo unaovikwa tairi, zilikuwa zimekatika. Nyingine zilicheza ukizigusa tu.

Aliyeziharibu ni kaka yake Théo, mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa korali ya vijana wanaoimba kanisani. Jana yake alikuwa amefunga gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, juu ya baiskeli hiyo pasipo kumwomba dada yake ruhusa, akapita nalo kwenye mashimo ya njia ya stesheni. Nilipomwuliza alikuwa anafikiri nini, alijibu kwamba aliona mota ina nguvu. Nikamwambia kwamba mota husukuma, bali zinazobeba ni spoki. Kisha nikamwamuru avue shati lake la shule, achukue ufunguo wa spoki na atengeneze alichokiharibu.

Spoki ndefu za baiskeli zetu za kawaida hazikai kwenye mota. Zinatakiwa fupi na nene. Jirani yetu Mwajuma, wa zile familia za Kiislamu zenye asili ya Maniema, huuza vipuri sokoni. Alizileta mwenyewe, akaketi kizingitini, akamtazama Théo akipambana na tairi.

"Mwalimu," akamwambia, "unabebesha kinga, baiskeli ya vaccin, makala? Batoto badungwe, ao bachomwe?"

"Mama Mwajuma, uniache kwanza."

"Nakuacha. Lakini ule ufunguo unaugeuza mugongo-mugongo."

Théo aliugeuza ufunguo. Talitha hakucheka. Alikuwa amekalia kifuniko cha sanduku, akaniambia anakikalia ili mkono wake mwenyewe usimshawishi kukifungua na kutazama barafu, maana kila kikifunguliwa baridi hutoka. Mara alisimama, mara aliketi tena. Jua lilikuwa limekwisha kuufikia ukuta, nasi tukalisogeza sanduku kivulini, kisha tukalisogeza tena.

Théo alichomoa waya wa mota, akalegeza nati, akatoa gurudumu, tairi na mpira wake. Kwa bahati, spoki zilizokatika zilikuwa upande wa kushoto, usio na meno ya mnyororo. Alipitisha mpya, akazipishanisha na jirani zake, akaanza kukaza vichwa vyake kwenye janti, kidogo hapa, kidogo pale.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo sidhani lingefanywa na mtu asiye wa nyumba yetu. Kwetu watoto hufundishwa kuimba kabla ya kufundishwa kuandika, na korali ya kanisa niliiongoza mimi hadi magoti yaliponikataza kusimama. Théo hakulitazama gurudumu, alilisikiliza. Aligonga spoki moja kwa kucha, ikalia. Akagonga ya pili. Iliyolia chini aliikaza, iliyolia juu aliilegeza, mpaka zote, za kulia na za kushoto, zikatoa noti moja safi. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nami nikatikisa kichwa kukubali.

Gurudumu likarudishwa mahali pake, likazungushwa. Likasugua fremu upande wa kushoto, likasimama.

Théo alizungusha tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba chuma kingeona haya. Likasugua vilevile. Wakati huohuo simu ya Talitha ililia. Alikuwa mzee wa kijiji, akieleza kwamba akina mama wako pale tangu alfajiri, na kwamba wengine wameanza kuwafunga watoto mgongoni ili waende mashambani.

"Nkambo, banaanza kurudia," Talitha aliniambia mimi babu yake. "Miye ntaenda na miguu."

Nilimkataza. Kwa miguu angelibeba sanduku la maji. Nilichuchumaa nyuma ya gurudumu, ingawa magoti yalilalamika, nikaliangalia kama mtu anavyoangalia kama mlango umesimama wima. Janti yote ilikuwa imevutwa kushoto. Nikaona sababu. Upande wa kulia meno ya mnyororo yamekula nafasi, hivyo spoki zake zinasimama karibu wima. Za kushoto zimetanuka na kuegemea nje. Zikikazwa kwa nguvu moja, zilizotanuka zitashinda daima.

"Théo," nikasema, "katika korali yako, soprano na besi wanaimba noti moja?"

"Hapana, Nkambo."

"Basi kulia ni soprano. Wapandishe. Kushoto ni besi, uwashushe. Kila upande upatane wenyewe kwa wenyewe."

Mwajuma akauliza kama mota ndiyo tenor, maana haijaimba bado. Niliona bega la Théo likilegea kidogo.

Alianza upya, gurudumu likiwa humohumo kwenye fremu: robo ya mzunguko kushoto akilegeza, robo kulia akikaza, anazungusha, anatazama. Janti ilisogea taratibu, taratibu mno. Talitha alikuwa amekwisha kufunga sanduku kwenye kiti cha nyuma kabla kazi haijaisha, na kila Théo alipotaka kulizungusha gurudumu ilimbidi dada yake ainyanyue baiskeli pamoja na mzigo. Mwishowe nafasi ikawa sawa pande zote mbili. Théo aliinama tena na ufunguo.

"Iache," nikamwambia.

"Inayumba bado kidogo, Nkambo."

"Haigusi fremu. Iache."

Talitha aliondoka bila kuaga. Nilitembea hadi kwenye uzio na kurudi, hadi kwenye uzio na kurudi, nikizisikia spoki zile kichwani mwangu kwenye kila shimo la njia. Théo alikuwa amevaa tena shati lake lakini hakwenda popote.

Alasiri Talitha alipiga simu. Gurudumu lilistahimili. Barafu ilifika ikiwa bado na vipande, chanjo ni nzima, na watoto waliokuwapo wamedungwa. Ila mama mmoja, Clémentine, alichoka kungoja akaondoka na mwanawe mchanga. Talitha alimfuata hadi shambani kwake asimkute. Mtoto huyo hajachanjwa, na mwezi mzima utapita kabla ya safari nyingine.

Nimemwambia Théo kwamba Jumamosi atakwenda kwa Mwilambwe kwa miguu yake, amtafute Clémentine, amweleze kwa kinywa chake ni nani aliyemchelewesha muuguzi, na amsihi asikose siku nyingine. Amekubali.

Nanyi vijana mnaosoma haya, nawataka mnisikie. Chombo kilichotolewa kwa kazi ya watu wengi msikitumie kwa shughuli zenu, hata kwa safari fupi, hata kama mwenye kukishika ni ndugu yenu. Sitaki kuambiwa kwamba hamkujua. Yuko mtoto kijijini ambaye bado anangoja. Mkumbukeni kabla hamjanyoosha mkono.