Jina la Marehemu Gazetini

Kwa maneno ya Bi Faygie Rosner, jirani wa ukuta mmoja na Dvora, mambo yalianzia kwenye foleni ya mkate siku ya Alhamisi. Hersh Lubin alikuwa ameshashika mkate wake mkononi. Akafungua gazeti la jumuiya ya Wayahudi, akapitisha kidole kwenye majina mia mbili chini ya barua ya wazi kwa serikali, kidole kikasimama. Bi Faygie aliapa kwamba mzee alibadilika rangi, akaurudisha mkate juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Huyu binti amemwandikia baba yake saini, naye yuko kaburini. Mimi sisimami naye tena kwenye sala. Wakitaka mtu wa kumi, wamtafute kwingine."

"Nilikuwa nyuma yake hivi," Bi Faygie alisema, akipima kwa kiganja. "Kama nadanganya, Pasaka isinikute."

Binti huyo ndiye Dvora Perlmutter. Alimjua Bi Faygie tangu utotoni. Ukiyapunguzia chumvi maneno yake, nusu hubaki. Shida ni kwamba hata nusu ilitosha.

Ilikuwa Jumapili, na siku hiyo ulitimia mwaka tangu baba yake, Barukh fundi saa, afariki. Mshumaa wa kumbukumbu ulikuwa ukiwaka jikoni tangu jana jioni. Kilichobaki ni Kadishi, ile sala ambayo mtoto humsomea mzazi wake, nayo haisomwi mpaka wawepo watu kumi. Jana jioni theluji ilifunga barabara, hakuna aliyetoka nyumbani. Asubuhi walifika tisa, wakangoja, wakatazamana, wakaondoka. Sasa ilibaki sala ya alasiri tu. Mwezi wa Januari, jua la Winnipeg halisubiri hata saa kumi na moja ifike. Likizama, siku ya Barukh imepita bila Kadishi.

Saa kumi kasorobo Dvora alikuwa sinagogini, ameshapanga mezani keki ya asali, samaki wa heringi na chupa ya wiski, vitu vya kumwombea marehemu heri. Abe Kravetz akasimama kuhesabu watu. Kazi hiyo miaka yote ilikuwa ya Hersh. Na kwa kuwa kwa mila yao watu hawahesabiwi kwa tarakimu, Abe alitumia aya yenye maneno kumi, kila kichwa na neno lake. La kwanza likamwendea Bi Faygie, maana sinagogi lao liliwahesabu wanawake tangu wanaume walipoanza kupungua. La tisa likamfikia Dvora. La kumi likakwama mdomoni mwa Abe.

"Barua tu!" Abe alisema, akikaa kwa kishindo. "Watu wameiomba serikali yetu ya hapa isukume mazungumzo, Wapalestina wapate nchi yao kando ya Israeli, wote walale salama. Dhambi iko wapi hapo?"

"Wazungumze na nani?" Bi Faygie akamgeukia. "Mjukuu wangu yuko mpakani na bunduki. Wewe uko hapa na heringi."

"Ndiyo maana nataka wazungumze. Arudi, aje ale hii heringi."

"Rahisi kusema, Abe. Wewe hata paka huna kule."

"Nina dada kule! Unataka nikutajie na mtaa?"

"Basi muulize huyo dada kama amesaini!"

Abe akaanza kunyoosha kitambaa cha meza. Ilijulikana kwamba dada yake hakuwa akizungumza naye tangu Ijumaa, siku moja baada ya gazeti kutoka.

Dvora alikuwa dirishani. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la kufulia nguo, gari la Hersh lilikuwa limesimama huku injini ikinguruma, moshi mweupe ukitoka nyuma. Lilikuwa hapo kabla yeye hajafika. Mzee alikuwa amekuja kwa ajili ya rafiki yake Barukh, ila miguu ilikataa kuingia.

Bi Faygie akamsogelea, akamshika kiwiko. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Nenda kwake, mwanangu. Mwambie ni wewe uliyeandika, ulikosea, uchungu wa msiba. Mtoto husamehewa. Ataingia, utamsomea baba yako, tutakula keki, yaishe."

"Lakini si mimi, Bi Faygie."

"Nani amekuuliza kama ni wewe?"

Dvora akavaa koti. Mfukoni, kwenye bahasha, kulikuwa na karatasi aliyoichukua asubuhi kutoka kwenye droo ya baba yake. Alikuwa hajaamua kama ataitoa.

Baridi ilimkamata puani. Akavuka barabara, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole. Kioo kikashuka upana wa viganja viwili tu.

"Shikamoo, mjomba Hersh." Hawakuwa ndugu wa damu, lakini hakuwahi kumwita vingine.

"Nilimzika dada yangu Tsipora kule," Hersh alisema, macho yakiwa mbele, hata salamu hakuipokea. "Unajua ni lini? Mwaka ule viongozi wa pande zote mbili walipokuwa wakipeana mikono, dunia nzima ikipiga makofi. Basi alilopanda likalipuka saa mbili asubuhi, naye anakwenda kazini. Nani alisafiri nami kwenda kumzika?"

"Baba."

"Baba yako. Alishika koleo upande huu wa kaburi, mimi upande ule. Halafu wewe unachukua jina lake unaliweka kwenye karatasi ya kupeana mikono tena!"

"Mjomba..."

"Marehemu akitajwa, tunaandika 'kumbukumbu yake iwe baraka'. Gazetini hakuna. Jina tupu, kama la mtu aliye hai. Kwa hiyo ni mtu aliye hai aliyeandika. Mimi si mjinga."

"Walianza kukusanya majina mwaka juzi. Hawakujua kama amefariki, na mimi sikuwapa habari. Kosa langu ni hilo."

Hersh akamtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikiliza, Dvora. Jua linakwenda. Sema tu kwamba ni wewe. Neno moja. Nitazima gari, nitaingia, nitasema amina kwa sauti kuliko wote, na hatutalitaja tena hadi nife."

Ulimi wa Dvora ulikuwa tayari. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na lilimpa kila mtu anachotaka: Kadishi kwake, na kwa Hersh rafiki yule yule aliyemjua. Wa kupoteza alikuwa mmoja tu, naye hayupo. Lakini je, angewezaje kusimama kumsomea baba yake, naye dakika tano kabla amemkana barabarani?

Akapitisha bahasha kwenye uwazi wa kioo.

Hersh akavaa miwani. Ilikuwa nakala ya fomu ya barua. Chini palikuwa na tarehe ya wiki tatu kabla ya kifo, na jina kwa mkono unaotetemeka, herufi ya B ina tumbo kubwa lililoinama. Mkono huo Hersh aliujua. Kwa miaka thelathini uliandika matokeo ya chesi zao kwenye daftari moja.

"Alisaini kitandani," Dvora alisema taratibu. "Akaniambia, 'Nilimzika Tsipora pamoja na Hersh, ndiyo maana nasaini.' Akasema nisikuambie, atakuambia mwenyewe. Ile Jumanne ya mwisho ulipokuja na ubao wa chesi, alitaka kukuambia. Nilikuwa mlangoni. Alifungua mdomo mara mbili, akaufunga."

Hersh akaisogeza karatasi karibu na miwani.

"Jumanne ile nilishinda," alisema. "Mara mbili. Hajawahi kuniachia mara mbili. Nikadhani ni dawa zimemlegeza."

Mikono ya Dvora ilikuwa imeanza kufa ganzi. Mlango wa sinagogi ukafunguka, Abe akasimama kizingitini bila koti, joto la ndani likitoka kama mvuke pembeni yake. Hakuita. Alionyesha tu saa yake ya mkononi, ile aliyotengenezewa na Barukh. Nyuma ya duka la kufulia nguo jua lilikuwa limeshagusa paa, jekundu, bila joto lolote.

Dvora akainama mpaka uso wake ukalingana na kioo.

"Mjomba Hersh, baba hakuniruhusu nikuombe msamaha kwa niaba yake. Siwezi kusema ni mimi. Lakini tuko tisa, na bila wewe hatusomi. Ingia."

Hersh alikuwa bado ameishika karatasi kwa mikono miwili. Injini ilinguruma. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya ile B.

"Ingia, mjomba. Tafadhali."